Fidla ya boksi kutoka Kariakoo: nilichopata kwa laki nne

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu wanayoniuliza kabla hata ya salamu. Fidla yenyewe, pamoja na kasha, upinde na kipande cha rozini, ule utomvu wa kupaka upinde: shilingi 230,000. Nyuzi mpya: 65,000. Fundi: 50,000. Rozini nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza haikufaa kitu: 12,000. Kiegemeo cha bega: 25,000. Jumla 382,000, na mimi nilikuwa nimetenga laki nne. Nauli ya boti siiingizi humu, Dar nilikuwa nakwenda kufuata vitambaa vya sare za skuli.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo Kikwajuni, na fidla nimeianza nikiwa na watoto wawili na uzee unanichungulia. Kwa nini, sina haja ya kueleza sana. Aliyekulia mjini Unguja akavisikia vikundi vya taarab, Malindi (ndiyo Nadi Ikhwan Safaa) au Culture, vikifanya mazoezi usiku anajua. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na katika taarab asilia mwimbaji akimaliza ubeti, fidla ndizo zinazomjibu. Nami nilitaka niwe miongoni mwa wanaojibu.

Maalim wangu ni mzee aliyepiga fidla miaka mingi, hapendi kutajwa mitandaoni, kwa hiyo jina lake ninalo mwenyewe. Nilipomwambia nina laki nne na nakwenda Kariakoo, hakunikataza. Alisema tu, "Mwanangu, pesa zako zigawe. Zote usimpe mwenye duka." Akanipangia: fidla isizidi laki mbili na nusu, inayobaki ni ya nyuzi na fundi. Nikaona ananibania. Sasa nikikutana na mtu aliyetoa laki nne nzima dukani na fidla imelala kabatini, namwelewa Maalim vizuri.

Duka lenyewe liko Kariakoo, upande wa Msimbazi, la spika, vinanda na magitaa ya kanisani. Fidla zilikuwa juu kabisa, kwenye maboksi yenye vumbi. Kijana wa duka akanishushia moja, akaifuta kwa kiwiko, akasema, "Mama, hii ni original."

"Original ya nini, mwanangu?"

Akacheka, akasoma boksi. Jina lililoandikwa sijaliona popote tena, na wala halina umuhimu. Fidla za bei hii nyingi zinatoka China, ambako kuna mji uitwao Huangqiao, katika jimbo la Jiangsu, unaoishi kwa kutengeneza fidla. Kiwanda kimoja huweza kubandika majina mengi juu ya fidla zilezile. Kwa hiyo jina la kwenye boksi nikaliacha, nikaangalia mbao.

Hapa nitakaa kidogo, maana dukani ndipo penye kuokoa pesa. Fidla nzuri huwa na kifua cha mti uitwao sprusi na mgongo wa mti uitwao mepo, miti ya nchi za baridi, na kila upande umechongwa kutoka mbao nzima. Fidla ya rahisi sana hukandamizwa kwa plaiwudi. Utazijuaje? Chungulia ukingo wa yale matundu mawili ya kifuani yenye umbo la herufi f. Ukiona mistari ya mti imeteremka moja kwa moja mpaka ndani, hiyo ni mbao nzima. Ukiona matabaka yamelaliana, ni plaiwudi. Yangu ilikuwa mbao nzima kifuani. Mgongoni nilitilia shaka, kwa sababu ile michirizi mizuri ya mepo, ukiigeuza fidla kwenye mwanga, inatakiwa icheze, penye weusi pawe peupe na penye weupe pawe peusi. Michirizi ya mgongo wangu imetulia tuli. Imechorwa. Sikugombana nayo, kwa 230,000 mgongo wa kuchora naukubali.

Shingo nikaipima kwa jicho, kutokea kwenye kichwa kuelekea chini, kuona kama imenyooka. Vigingi vinne vya kukazia nyuzi nikavizungusha kimoja kimoja: viwili vilikuwa vizito, kimoja kilizunguka bure, kimoja sawasawa. Halafu ubao wa vidole, ule mweusi unaopita chini ya nyuzi. Inatakiwa uwe mti mgumu mweusi kwa asili yake. Wa fidla yangu ni mti mweupe uliopakwa rangi, na wiki za mwanzo nilikuwa nikimaliza mazoezi vidole vimeniwiva weusi. Nilicheka peke yangu, maana mpingo wetu wa Kilwa na Lindi unasafiri mpaka Ulaya kufanywa klarineti, na mimi mwenye nchi nauziwa ubao uliopigwa rangi.

Kulikuwa pia na fidla ya waridi na nyingine ya buluu, bei ni ileile. Mwanangu wa kike angeniomba ile ya waridi kwa machozi. Usimsikilize wako akikuomba. Rangi nzito kama ya mlango inaziba kifua, na kifua cha fidla kazi yake ni kutetema.

Daraja, kile kibao chembamba kinachozinyanyua nyuzi, lilikuwa ndani ya boksi limefungwa kwenye karatasi. Hivyo ndivyo zinavyokuja, haina maana kwamba fidla imeharibika. Kijana aliliona, akaniambia, kwa nia njema kabisa, nisubiri alibandike kwa gundi ya haraka. Nikamshika mkono. Daraja la fidla halibandikwi hata siku moja, linasimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu. Nikamlipa, nikaomba risiti, nikaondoka na fidla yangu isiyotoa sauti.

Boti nilikaa nayo mapajani. Mizigo ya vitambaa ilikwenda kwa wapagazi, lakini fidla huiachi juani wala karibu na injini. Mbao za fidla kwa desturi huunganishwa kwa gundi ya asili ya wanyama, na gundi hiyo joto linailegeza. Imefanywa hivyo kwa makusudi: mbao zikivimba au kusinyaa, kiungo kifunguke kabla mbao haijapasuka. Kiungo kikifunguka, fundi anakirudisha. Ndiyo maana ukiona pembeni pameachia usikimbilie gundi nyeupe ya seremala wala ile ya haraka. Utakayemletea baadaye atakulaani.

Fundi wangu yuko Mji Mkongwe, anatengeneza ala za nyuzi kama udi na ganuni, na fidla anazijua kwa kuwa zimempitia mikononi nyingi. Anafanya kazi barazani kwake baada ya alasiri. Fidla ya boksi ni kama cherehani mpya: imekamilika, inang'aa, lakini haishoni mpaka mtu anayejua aifunge na kuiseti. Watu wanaosema "nilinunua fidla mbovu" wengi wao hawajawahi kuisikia fidla yao ikiwa imesetiwa.

Kwanza alichukua tochi ya simu, akamulika kwenye tundu la kulia. Ndani ya fidla kuna kijiti cha mviringo kimesimama kati ya kifua na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba. Hakina gundi. Kinapitisha mtetemo kwenda mgongoni na kinakizuia kifua kisizame. Cha kwangu kilikuwa kimelala chali kwenye kona. Akakifuata kwa chuma kilichopindwa, akakisimamisha, akakiona kifupi, akachonga kingine. Hiyo peke yake ilimchukua kikombe kizima cha kahawa. Ukinunua fidla ukasikia kitu kinagongagonga ndani ukiitikisa, ni hicho, na usithubutu kukaza nyuzi kabla hakijasimamishwa.

Halafu daraja. Madaraja ya kiwandani yanakuja manene na marefu, fundi ndiye anayeyapunguza. Akaweka karatasi ya msasa juu ya kifua, akalisugua daraja juu yake taratibu mpaka miguu ikakubaliana na mzingo wa kifua. Kipimo chake ni kujaribu kupitisha karatasi ya risiti chini ya miguu, isipite. Kisha akakata juu. Mwisho wa ubao wa vidole, uzi mwembamba ukae milimita 3 hivi kutoka ubaoni, na mnene 5 hivi. Kabla hajakata, uzi mnene wa kwangu ulikuwa juu kiasi kwamba nilipoubonyeza ulinichora kidole. Na huku juu, penye kibao kidogo nyuzi zinapoingilia kichwani, akachimba vijia mpaka nafasi ikabaki unene wa kadi ya vocha. Wanafunzi wanaacha kwa sababu vidole vinauma, na maumivu hayo mara nyingi yanatoka kwenye daraja na hicho kibao.

Vigingi, vile vizito alivipaka sabuni kavu ya kipande, kile kinachoteleza akakipaka chaki. Dawa ya bure. Akanifundisha na namna: unazungusha huku unasukuma ndani, maana vigingi vimechongwa vyembamba kwenda mbele. Masika vitavimba na kuganda, akasema, na ukilala kwenye chumba chenye kiyoyozi vitasinyaa na nyuzi zitaachia zote usiku mmoja. Chumba changu hakina kiyoyozi, kwa hiyo shida yangu ni masika tu. Kutyuni kwa kila siku, yaani kuziweka nyuzi kwenye sauti zake, natumia zile skrubu ndogo nne zilizoko chini, kwenye kile kishikio cha nyuzi. Fidla ya mwanafunzi iwe nazo zote nne.

Elfu hamsini. Alitaka sitini.

Nyuzi zilizokuja na fidla zilikuwa za chuma, kali masikioni, na ule uzi wa kwanza ulikuwa na kutu boksini kabla haujapigwa. Shangazi yangu anaishi Muscat, na kule wana okestra ya kifalme tangu 1985, vifaa vya fidla si mwujiza. Akanitumia seti ya D'Addario Prelude kwa mtu aliyekuwa anarudi, nikamlipa 65,000. Nazo ni za chuma, ni za wanafunzi, lakini hapo ndipo nilipojua fidla yangu ina sauti. Nene, tulivu, uzi wa sol, ule mnene kuliko wote, unaunguruma vizuri. Wapo wanaosifu nyuzi za nailoni kama Dominant za Thomastik, na mimi nimezisikia kwenye fidla ya Maalim, ni tamu kweli. Ila bei yake ukiiweka kwenye fidla yenye mgongo wa kuchora, utakuwa umemvalisha bibi harusi dhahabu za kuazima.

Jambo moja la sisi wa taarab. Kimataifa nyuzi ni sol, re, la, mi. Maalim anatyuni kwa mtindo wa Kimisri: sol, re, sol, re. Yaani nyuzi mbili nyembamba zinashushwa kila mmoja kwa sauti nzima. Uzi wa mi ulioshushwa mpaka re unalegea, na kwenye fidla ya rahisi unakwaruza mpaka mkono uuzoee. Programu ya simu ya kutyuni itakuambia umekosea. Iache iseme. Kwa hiyo kama utajifunza taarab, mwulize mwalimu wako anatyuni vipi kabla hujanunua nyuzi, na kabla hujabandika zile tepu za kuonyesha vidole vikae wapi. Mimi nilizikuta zimeshabandikwa dukani. Maalim alizibandua siku ya kwanza, kwa sababu zimepimwa kwa nusu sauti, na kwenye makamu za Kiarabu kama Rast au Bayati kuna sauti zinazokaa katikati ya tepu mbili. Nilihuzunika kidogo, zilikuwa zinanifariji.

Kuhusu rozini. Upinde mpya una manyoya ya farasi yasiyo na kitu, na bila rozini hautoi sauti, hata kidogo. Kuna watu wamerudisha fidla dukani kwa sababu hiyo. Na kipande cha rozini kipya kinateleza, lazima ukikwaruze kwa msasa kwanza ndipo upake. Kile changu cha boksini kilikuwa kigumu na cha vumbi jingi, hakikushika manyoya, ndiyo maana nikanunua kingine. Rozini ni utomvu wa msonobari uliopikwa, kitu cha bei ndogo, kwa hiyo hapa usibane.

Kiegemeo cha bega mwanzoni nilikiona anasa, baadaye nikaona hapana. Shingo yangu ni ndefu, na bila hicho nilikuwa nainamisha kichwa kuibana fidla, na mtu anayeinama cherehani mchana kutwa hana shingo ya kuchezea. Mwenye shingo fupi anaweza kukunja kitambaa akakiweka begani, Maalim anafanya hivyo mpaka leo.

Kwa jumla, fidla kama ilivyotoka dukani naipa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya kasha, zipu yake imara. Baada ya fundi na nyuzi, tatu na nusu. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili inatosha kabisa. Sauti yake haifiki mbali, na ukipanda juu ubaoni inakuwa nyembamba, lakini mwanafunzi hapandi juu.

Je, kuna kingine cha kununua kwa pesa hizo au zaidi kidogo? Mwenye uwezo wa kuongeza aangalie Stentor, za kampuni ya Uingereza zinazotengenezwa China. Mwenzangu darasani anayo Student II: ubao wake wa vidole na vigingi ni vyeusi vya asili, na haikuhitaji kazi kubwa kwa fundi. Yamaha nao wana za wanafunzi, nazo ni za kuaminika. Ila hizo kwa kawaida unaagiza, na ukishajumlisha usafiri na ushuru utaiacha laki nne nyuma.

Mitumba ni njia nzuri ukienda na anayejua. Wazungu waliokuja kufanya kazi wakiondoka huuza, na fidla iliyowahi kupigwa na mtu mara nyingi imeshasetiwa. Angalia nyufa kifuani, hasa karibu na pale kijiti cha ndani kinaposimama, hizo ni gharama. Na ukiletewa fidla ya zamani yenye karatasi ndani iliyoandikwa Antonius Stradivarius, usizimie. Stradivari wa Cremona alikufa 1737. Viwanda vya Ujerumani na jirani zake vilibandika karatasi hizo kwenye maelfu ya fidla za biashara. Niliwahi kuonyeshwa moja mjini, mwenyewe anataka milioni sita, na chini ya jina la Stradivari imeandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Ujerumani. Nilimwambia ni fidla nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, lakini ya laki tano.

Kama ni ya mtoto, usimnunulie kubwa ili aikulie, huo ni utaratibu wa sare. Fidla zina saizi: nzima, robo tatu, nusu, robo, na kushuka. Mwekee shingoni, anyooshe mkono wa kushoto, kichwa cha fidla kikae kiganjani na vidole viweze kukikunjia bila mkono kukakamaa. Asipofika, shusha saizi. Binti yangu ameangukia robo tatu, na kwa kuwa ataipita haraka, namtafutia ya kuazima kwanza. Ukiwa Unguja, kabla hujanunua chochote pita Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, wanakofundisha fidla, udi na ganuni, uulize kama kuna anayeuza au kuazimisha. Wanafunzi wa pale wanajua fidla ya nani imekaa bila kazi.

Kilichobaki kunisumbua ni upinde. Ule wa boksini ni wa mti, na ukiutazama kwa urefu wake umepinda kidogo kushoto. Naulegeza kila nikimaliza, manyoya siyagusi kwa vidole, na nikiukaza naacha nafasi ya penseli tu kati ya manyoya na mti, lakini uliopinda umepinda. Juu ya hayo, wadudu wanaokula manyoya wanapenda kasha lililofungwa muda mrefu gizani, nimeshakuta nywele kadhaa zimekatika. Kuuwekea manyoya mapya fundi anataka zaidi ya thamani ya upinde wenyewe, kwa hiyo siuwekei. Safari ijayo ya vitambaa natafuta wa faiba, usiojali masika. Kijana wa Kariakoo ameniambia anao wa 60,000. Nimemwambia autoe boksini kabla sijafika, auweke juu ya kaunta ya kioo, na anitumie picha kutokea mwisho wake.